Walimu wa iniversite: cheo kimoja, mushahara mumoja. Tofauti inatokea wapi?

Mwanamuke anayefundisha iniversite hapa Goma, analipwa kidogo kuliko mwanaume? Kwa karatasi, hapana. Kwa iniversite za serikali, kama UNIGOM, mushahara unafuata cheo: asistanti, shefu de travo, profesa asosie, profesa, profesa ordinere. Cheo kimoja, franga zile zile. Kwa zile za private, Kodi ya Kazi ya 2002, kifungu 86, inadai malipo sawa kwa kazi sawa. Na Congo ilikubali tangu 1969 mapatano nambari 100 ya Shirika la Kimataifa la Kazi, yenye kusema vile vile.

Lakini tofauti inaingia kwa milango mingine.

Kwanza, cheo. Bila doktora, hakuna uprofesa. Doktora inaomba miaka, safari na pesa, na mara nyingi inaangukia wakati mama ananyonyesha. Tena wanawake walianza kwa kuchelewa: Lovanium ilifunguliwa 1954, lakini Sophie Kanza, mwanamuke Mukongomani wa kwanza kupata diploma ya iniversite, aliipata 1964. Na mpaka 2016, sheria ya familia ilidai bibi aliyeolewa apate ruhusa ya bwana mbele ya kujifunga kwa mapatano ya kisheria.

Pili, primu. Kando ya mushahara wa serikali, kila iniversite inatoa primu yake kutoka pesa ya wanafunzi. Mwenye kuongoza fakilte ao departema anaongezewa. Asistanti ambaye hajakuwa mekanize, yaani jina lake halijaingia kwa listi ya malipo ya Kinshasa, anaishi na primu tu.

Tatu, masomo ya inje. Profesa anaitwa Bukavu, Butembo ao Beni, anafundisha juma moja ao mbili, analipwa kwa saa. Mwenye kuacha watoto nyumbani hawezi kuondoka kila wakati.

Kwa hiyo, kulinganisha mishahara ya cheo kimoja hakutoshi. Mwalimu, uliza mambo tatu kwa shule yako: primu inagawanywa kwa kanuni gani? Nani anachagua wenye kwenda kusomea doktora? Muda wa kujifungua, unahesabiwa namna gani wakati wa kupanda cheo? Uliza kwa maandishi, pamoja na sendika, na uchunge kopi ya kila arete ya kukupandisha cheo.