Bomba la plastiki linafuata kitabu cha nani?

Wadau, ukitaja historia ya Songea kila mtu anakimbilia Majimaji na mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Ni haki yao. Lakini leo nataka tuzungumzie maji mengine, yale yanayotoka chooni na jikoni, na mabomba ya plastiki yanayoyabeba. Na mji wenye sehemu inayoitwa Bombambili hauwezi kukosa stori ya mabomba, au siyo?

Swali langu ni hili: mhandisi akikaa mezani kukokotoa kama bomba litastahimili mzigo, anafungua kitabu gani?

Stori inaanzia mbali, jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1913 Anson Marston alitoa hesabu za uzito wa udongo unaolilalia bomba ndani ya mtaro. Enzi zile bomba la majitaka lilikuwa la udongo wa kuchoma au zege, kitu kigumu: ama linabeba, ama linapasuka. Mwaka 1941 Merlin Spangler, wa hukohuko Iowa, akatazama bomba linalonyumbuka, kwake lilikuwa karavati la bati la chuma. Akaona jambo zuri sana. Bomba la namna hiyo halibebi mzigo peke yake. Linabonyea kidogo juu, ubavu unatanuka, unausukuma udongo wa pembeni, nao udongo unalishikilia. Kwa hiyo nusu ya bomba ni kifusi! Hesabu hiyo, baada ya Reynold Watkins kuirekebisha mwaka 1958, ndiyo plastiki iliyoirithi.

Pembeni kulikuwa na ukoo mwingine wa vitabu. Mwaka 1935 chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, ASME, kilitoa kanuni za B31, ambazo msingi wake ni mabomba ya chuma, mvuke na viwanda. Chuma ukikipasha moto kinarefuka, kikipoa kinarudi. Hofu kubwa ni kuchoka kwa kurudiarudia. Plastiki ina tabia zake. Ikunje uishikilie, baada ya miezi mkazo umepungua wenyewe. Itundike mzigo usioondoka, inaendelea kurefuka polepole. Ndiyo maana nguvu yake haitajwi bila muda na joto: kwa kawaida miaka 50 kwenye nyuzi 20. Kitabu cha ASME kilichoandikwa kwa ajili ya mabomba ya plastiki ya aina hii, NM.1, kilitoka mwaka 2018 tu, wakati Wajerumani walikuwa wanalaza mabomba ya PVC tangu miaka ya 1930.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji vijijini kote ifikapo 1991. Pesa zikawa za wafadhili, na mikoa ikagawanywa kama mashamba: Wafini Mtwara na Lindi, Waswidi kanda ya ziwa, Wadenishi wakachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma yetu. Mpango mkuu wa maji wa mikoa hiyo mitatu ulitoka mwaka 1982, umeandikwa na kampuni za ushauri za Denmark. Mfadhili haji na pesa tu, anakuja na wahandisi wake na vitabu walivyosomea. Shirika la Viwango, TBS, lilikuwa changa, limeundwa kwa sheria ya 1975. Kwa maoni yangu, kwa miaka mingi kitabu kilichaguliwa na mwenye mfuko. Mwongozo wa usanifu wa Wizara ya Maji umeandikwa upya mara kadhaa, toleo la tatu mwaka 2009 na la nne 2020, na huo ndio ningependa mhandisi aufungue kwanza.

Tofauti ya vitabu si ya wasomi tu. Chukua bomba la PVC la mita 6 lililoanikwa juani, likatoka nyuzi 20 hadi 60: linarefuka karibu milimita 17. La chuma lingerefuka kama 3. Likiwa limening'inia ukutani au kwenye kituo cha pampu, hapo ndipo hesabu za mkazo za akina ASME zina kazi. Likiwa limefukiwa, udongo umelishika, na kinachotakiwa ni hesabu ya ukoo wa Spangler, au ya Ulaya, EN 1295. Kuliingiza bomba la mtaroni kwenye programu ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya chuma, ukabadilisha namba mbili tatu, utapata majibu mazuri ya swali lisiloulizwa.

Songea tuna bahati moja: wastani wa joto letu uko karibu na zile nyuzi 20 za vitabuni. Wa Dar wapunguze matumaini. Lakini kipimo kinachotumika sana kinataka bomba lisibonyee zaidi ya asilimia 5 ya kipenyo; kwa bomba la milimita 160 hiyo ni milimita 8. Milimita hizo 8 ziko mikononi mwa kijana anayeshindilia kifusi, mara nyingi kwa mguu, Januari mvua ikinyesha.

Kama kuna mhandisi hapa amewahi kupima bomba mtaroni mwaka mmoja baada ya kulifukia, aniandikie. Nataka kujua alikuta nini.