Wingi wa Watu na Uhuru wa Kura katika Nyanda za Juu Kusini

Wapo wasemao kwamba watu wakiongezeka, hasa vijana, demokrasia haina budi kufuata. Tukitazama historia ya Mbeya na Iringa twaona sababu ya kutoharakisha kukubali hivyo.

Mwaka 1967 mji wa Mbeya ulikuwa na watu wapatao 12,000. Ikaja barabara kuu ya Zambia, ikaja na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na sensa ya 1978 ikakuta watu zaidi ya 76,000. Kufikia 2012 walikuwa kama 385,000. Miongoni mwa waliohamia walikuwamo Wabena na Wakinga, watu ambao babu zao walizoea kwenda mbali zaidi, kwenye mashamba ya mkonge. Mjini kijana hangoji mzee amgawie shamba, wala balozi wa nyumba kumi hamjui baba yake. Kura yake ni yake.

Hata hivyo, vyama vingi havikuletwa na wingi huo. Tume ya Jaji Nyalali ilipowasikiliza wananchi mwaka 1991, takribani asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri wale wachache wasikilizwe, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. (Sisi tunaohubiri habari za mabaki ya Israeli tungepaswa kulitafakari jambo hili kuliko tulivyofanya.)

Nguvu ya miji ilionekana baadaye. Mwaka 2010 Mbeya Mjini ilimchagua msanii Joseph Mbilinyi, na Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa, wote wa CHADEMA. Wakarudishwa bungeni 2015. Makete na Ludewa, ambako vijana wengi huondoka kutafuta maisha, zilibaki na CCM mara zote mbili.

Mwaka 2020 wabunge hao wawili walishindwa, katika uchaguzi ambao upinzani uliukataa. Miaka miwili baadaye sensa ilihesabu watu wapatao 541,000 katika Jiji la Mbeya. Mwaka 2025 CHADEMA hakikuwamo katika karatasi za kura, kwa kuwa Tume ya Uchaguzi ilikiondoa baada ya kukataa kutia saini kanuni za maadili. Vijana wa Mbeya walikuwa wengi kuliko wakati wowote uliotangulia.