Rum Nyeupe ya Réunion: Nimeionja Kavu, Nimeichanganya, Nikajikuta Nipo Kilwa

Wiki hii sina ubuyu wa staa yeyote. Nina chupa moja tu, na hiyo chupa imenikosesha usingizi.

Mshkaji wangu anafanya kazi melini. Juzi kaniletea rum nyeupe kutoka Réunion, kile kisiwa cha Wafaransa kilichopo mashariki ya Madagaska. Kilevi asilimia 49. Kama hujatimiza miaka 18, chukua historia, glasi waachie wakubwa.

Rum nyingi duniani hutengenezwa kwa molasi, yale masalia meusi mazito yanayobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Hii yangu imetoka kwenye juisi ya muwa yenyewe. Muwa ukikatwa unakamuliwa chapchap, maana juisi yake huchacha upesi. Ikishachachuka inachemshwa na mvuke wake unapozwa, kanuni ile ile ya wapika gongo. Halafu inapunguzwa ukali kwa maji, inaingia kwenye chupa. Haikulazwa miaka kwenye pipa la mbao, ndiyo maana haina rangi. Unachoonja ni muwa, hakuna pa kujificha.

Kwanza kavu

Nikamimina kidogo, bila barafu. Wadau, unaijua ile mashine ya juisi ya miwa pale stendi, jamaa anapitisha muwa pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi? Harufu ndiyo hiyo hiyo. Majani mabichi, ganda la ndimu, kama shamba lililotoka kunyeshewa mvua. Mdomoni inaanza na utamu, halafu unakuja moto. Nilikohoa, sifichi. Nikaongeza matone machache ya maji, ikatulia. Usiipige kwa mkupuo, inywe kidogo kidogo.

Nikawa najiuliza, hiki kitu cha Wafaransa mbona kinanukia kama nyumbani? Nikaanza kuchimba.

Nani aliulima huo muwa?

Zamani kisiwa kiliitwa Bourbon na hakikuwa na watu. Wafaransa walipohamia wakataka watu wa kulima, kwanza kahawa, baadaye miwa. Watu hao wakatolewa Madagaska, Msumbiji na huku kwetu pwani. Mwaka 1776 mfanyabiashara mmoja Mfaransa aliingia mkataba na Sultani wa Kilwa, apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Kilwa hii hii ya Lindi unayoijua. Jina la huyo mfanyabiashara limo vitabuni, ila leo silitaji, kwa sababu wale aliowanunua hakuna aliyejali kuandika wanaitwa nani kwao.

Na msinipige mawe, lakini muuzaji alikuwa wa kwetu. Hilo nalo tuliseme.

Ufaransa ilipoipoteza Haiti, halafu Mauritius, Réunion ikageuzwa shamba la miwa. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1817 ilipiga marufuku kuingiza watumwa, lakini meli ziliendelea kuwapeleka kwa magendo miaka mingi baada ya hapo. Utumwa wenyewe ulifutwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Makarani wakawaandikia majina ya ukoo, maana mtumwa hakuwa nalo. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya fidia. Fidia walipewa mabwana. Ndiyo, umesoma vizuri.

Siku hiyo sasa ni sikukuu, inaitwa Fèt Kaf. "Kaf" linatokana na neno la Kiarabu ambalo sisi tunalijua kama "kafiri". Tusi la jana, wajukuu wamelifanya jina la sherehe.

Halafu kokteli

Glasi ya pili: ndimu nusu, sukari kijiko kimoja, barafu mbili tatu. Hapa rum hii ndiyo nyumbani kwake. Ndimu inaukata moto, ule ubichi wa muwa unabaki. Nikajaribu na kola pia. Usirudie kosa langu, kola inaua harufu yote.

Ya tatu ilitaka subira. Watu wa Réunion huloweka matunda na viungo ndani ya rum kwa wiki au miezi. Mimi nikaloweka kijiti kimoja cha vanila ya Zanzibar wiki tatu. Ikatoka laini kuliko zote. Na vanila nayo ina mtu wake: mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, hapo hapo Réunion, alionyesha namna rahisi ya kulichavusha ua la vanila kwa mkono. Wakulima duniani wanatumia njia yake mpaka kesho. Wakati huo alikuwa na jina moja tu, hana ukoo. Alikufa maskini.

Nilikunywa ile glasi huku nasikiliza maloya, muziki uliozaliwa kwa watumwa wa kisiwani. Kuna ala inatikiswa, imetengenezwa kwa vijiti vya maua ya miwa, ndani mna mbegu. Wao wanaiita kayamb. Nenda Mombasa, waulize Wamijikenda chao kinaitwaje. Kayamba. Na kwenye ngoma zao za kuwakumbuka wahenga, rum hii nyeupe ndiyo wahenga wanayopewa.

Hapo nikampigia bibi yangu mzaa mama. Yeye ni mtu wa Kilwa.

"Shikamoo bibi. Eti kwetu kuna watu walichukuliwa zamani, wakapelekwa visiwani?"

"Marahaba mjukuu wangu." Akanyamaza kidogo. "Wapo. Ila majina yao hatuna."

Halafu akauliza kwa nini naulizia mambo hayo usiku. Nikamwambia ukweli.

"Hiyo pombe iache," akasema, akakata simu.

Chupa imebaki nusu. Wadau wa Kilwa, Lindi, Mtwara na Mombasa, kuna mzee kwenu aliyewahi kuwasimulia habari za waliochukuliwa? Hata kama ni jina moja tu, liandike hapo chini. Nitayasoma yote.