Rangi ya Baiskeli Ukutani

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtu aliyekwenda Morogoro Stores, Oysterbay jijini Dar es Salaam, kununua mahitaji ya nyumbani aliweza kurudi na kitu ambacho hakukipanga: kibao cha mraba chenye chui, kiboko au ndege wa rangi kali zinazong'aa. Kilikuwa kimechorwa kwa mkono, na bei yake haikumtisha mtu. Aliyekichora ni Edward Saidi Tingatinga.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Kama vijana wengi wa kusini wa enzi zile, alifunga safari kwenda Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam na kuajiriwa kazi za nyumbani na bustani. Shule ya sanaa hakuiona. Lakini mjini picha za wachoraji kutoka Kongo zilikuwa zikiuzwa mitaani, na zilipata wanunuzi. Mwaka 1968 hivi, naye akashika brashi.

Alianza na vilivyopatikana dukani kwa fundi. Turubai na rangi za wasanii ziliagizwa kutoka nje na bei yake ilikuwa juu, hivyo akachukua siling bodi, ile hadibodi ya kupigilia darini. Bodi ya futi nne kwa nane hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili bila kubakiza hata kijisehemu cha kutupa. Rangi yake ilikuwa ya mafuta, ya kupakia baiskeli: nzito, inayofunika vizuri, inayochelewa kukauka na kubaki na mng'ao.

Ubahili huo wa lazima ndio uliozaa mtindo. Tazama kibao chochote cha miaka ile. Nyuma kumepakwa rangi moja tu, au mbili zilizoyeyushana, kwa sababu rangi nzito haipendi madoido ya vivuli. Katikati amesimama mnyama mmoja, mkubwa, mwili umejaa madoa yaliyopangwa moja moja, jicho limekodolewa. Mkia umepindwa ili ujaze pembe ya mraba. Mchoraji aliyepewa kibao cha umbo lilelile kila siku alijifunza kukitumia chote.

Mkewe, Agatha Mataka, alishiriki kuuza. Wanunuzi wakuu walikuwa wageni waliokaa Oysterbay na Msasani, na soko lilipokua, jamaa na marafiki wakaja kujifunza: Simon Mpata, Kasper Tedo, Omari Amonde, January Linda, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah Mtalia. Walijifunza kwa kukaa karibu na mwalimu, kupaka nyuma, kujaza madoa, hadi mkono ukazoea.

Mwaka 1972 polisi walilifyatulia risasi gari alilokuwamo Tingatinga, wakidhani limebeba majambazi. Alifariki akiwa na miaka 40, baada ya kuchora kwa miaka minne hivi tu.

Kazi ingeweza kufa naye. Badala yake wanafunzi waliendelea palepale, wakafundisha wadogo zao na wana wa ndugu zao, na jina la mtu mmoja likawa jina la sanaa nzima. Mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika, ambacho makao yake yako Oysterbay hadi leo. Mtindo nao ulitanuka. David Mzuguno alijaza picha miti na ndege mpaka nafasi tupu ikaisha. Mohamed Charinda alichora hadithi na visa vya kijijini. Wengine wakachora hospitali, masoko na mabasi yaliyofurika abiria. Hadibodi ikakipisha kitambaa, kwa kuwa mtalii hawezi kukunja ubao akautia kwenye begi.

Utalii uliwalisha wachoraji, lakini pia uliifanya kazi yao ionekane ni zawadi ya uwanja wa ndege. Twiga yuleyule chini ya Kilimanjaro ileile huchorwa tena na tena, kwa sababu ndiye anayeondoka haraka. Familia nyingi za Dar es Salaam hupita mbele ya picha hizo zikadhani si zao, kisha zikanunua bango lililochapwa kiwandani, la maporomoko ya maji ya nchi wasiyoijua, na kulitundika sebuleni. Hilo linasikitisha, maana sanaa hii ilibuniwa na mtu wa kipato cha chini kwa vifaa vya ujenzi, na kibao kidogo bado kiko ndani ya uwezo wa mshahara wa kawaida.

Anayenunua leo moja kwa moja kwa mchoraji ana nafasi ambayo mtalii mwenye haraka hana. Anaweza kuagiza kituo cha daladala cha mtaani kwake au mwembe wa kwao, na kumtazama fundi akisubiri tabaka moja likauke kabla ya kuweka jingine. Afanye na jambo moja zaidi: amwombe aandike jina lake kamili na mwaka nyuma ya picha. Vibao vyenye jina la Tingatinga sasa hupelekwa kwenye minada ya Ulaya, na kwa baadhi yake wataalamu bado wanabishana ni mkono wa mwalimu au wa mwanafunzi.