Mafuta ya Taa na Desturi ya Kutapisha

Wengi wetu tulifundishwa na mama zetu kwamba mtoto akinywa sumu ni lazima atapishwe. Anapewa maziwa, mafuta ya kupikia au maji ya chumvi, ama anatiwa kidole kooni. Usiwalaumu. Hata madaktari wa nchi tajiri walisema hivyo kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1953, kituo cha kutoa ushauri kuhusu sumu kilianzishwa mjini Chicago, Marekani. Mwaka wa 1965, serikali ya huko iliruhusu dawa ya maji iitwayo ipecac iuzwe bila cheti cha daktari. Ilitengenezwa kwa mizizi ya mmea wa Amerika ya Kusini, na kazi yake ilikuwa kutapisha tu. Wazazi wakashauriwa kuiweka nyumbani, ikakaa kwenye makabati karibu miaka 40. Kisha mwaka wa 2003, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikasema isitumike tena nyumbani. Hakukuwa na ushahidi kwamba waliotapishwa walipata nafuu kuliko wengine.

Lakini sikiliza hili, mama. Tangu ule mwaka wa 1965, kibandiko cha chupa yake kilionya kwamba asipewe mtu aliyekunywa mafuta ya taa. Kwa nini? Mafuta ya taa ni mepesi, yanateleza. Yakiwa tumboni hudhuru kidogo. Mtoto akitapika, yanapanda na kuingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Kwa hivyo yale maziwa unayompa kwa upendo, yakimtapisha, yanamwongezea hatari.

Na sisi tunayaweka wapi mafuta haya? Katika chupa ya soda, chini ya meza! Mtoto wa miaka miwili mwenye kiu atajuaje si maji?

Ikitokea, usimtapishe wala usimpe kitu cha kutapisha. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpeleke kituo cha afya pamoja na ile chupa. Huko atasikilizwa kifua, na akihitaji atapewa oksijeni. Anaweza kuangaliwa kwa saa kadhaa hata kama anacheza, kwa maana kifua huweza kubadilika baadaye. Akikohoa, akihema mbiombio au akisinzia, usingoje kupambazuke.