Rafiki Huambiwa Kweli

Katika Kasulu pana mahali paitwapo Mtabila. Kwa miaka mingi palikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi. Kambi ilipofungwa mwaka 2012, mahali pale wakapewa Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo nalo, lililoanzishwa mwaka 1963, lilipata msaada wa walimu kutoka Israeli. Basi Mtabila yatukumbusha mambo mawili: wema tuliotendewa na Israeli, na taabu ya watu waliotolewa kwao. Mambo hayo mawili ndiyo Serikali yetu iliyopaswa kuyapima katika ugomvi wa Israeli na Wapalestina.

Wako Wakristo wasemao kwamba mwaka 1973 Serikali iliwaacha watu wa Mungu. Na tuyaangalie yaliyotukia.

Dola ya Israeli ilisimamishwa mwaka 1948, na katika vita vya wakati ule Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makao yao. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilifanya urafiki na Israeli. Lakini katika vita vya Juni 1967 Israeli iliteka Sinai, Gaza, Golani, na nchi iliyo magharibi ya Yordani. Oktoba mwaka ule ule, katika mkutano wa TANU huko Mwanza, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba Tanzania yaitambua Israeli na yataka urafiki nayo, kama itakavyo urafiki na Waarabu. Walakini kushinda vitani hakumpi mtu haki ya kutawala nchi ya wengine.

Vita vilipozuka tena Oktoba 1973, Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilikata uhusiano wa kibalozi. Mwaka 1988 ikaitambua dola ya Palestina. Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa: mwaka 1995 uhusiano na Israeli ulirudishwa, na mwaka 2018 ubalozi wetu ukafunguliwa Tel Aviv, wala Wapalestina hawakuachwa.

Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas waliishambulia Israeli, na vijana wetu wawili, waliokwenda huko kujifunza kilimo, waliuawa. Katika vita vilivyofuata, makumi ya maelfu ya Wapalestina walikufa Gaza. Anayewalilia wale wawili hawezi kuwadharau hawa.

Tena, nani aliyemkemea Ahabu kwa ajili ya shamba la Nabothi? Ni Eliya, naye alikuwa Mwisraeli. Hakuwaacha watu wake kwa kusema kweli. Nasi wa Kasulu na Kibondo, wakimbizi walipofika milangoni petu, tuliwapa chakula kabla ya kuwauliza ni wa upande gani. Tusiwapime watu wa mbali kwa kipimo kingine.