Watafutaji wa Almasi katika Usukuma: Kazi ya Mikono na Ushahidi wa Maneno

Historia ya madini ya Tanganyika aghalabu imeandikwa kama historia ya watu wachache waliobahatika. Almasi ya Mwadui hutajwa pamoja na jina la Dk. John Thorburn Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, na mwezi wa Machi, 1940. Wala si makosa kufanya hivyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuanzisha mgodi huo na kuuendeleza. Lakini mgodi hauvumbuliwi kwa jicho la mtu mmoja. Kabla ya jina kuandikwa katika daftari la serikali, wapo watu waliochimba mashimo, wakachekecha mchanga, wakaosha changarawe na kutia mifuko alama. Hao ndio waliotangulia katika kazi ya yule ambaye leo huitwa fundi sanifu wa jiolojia. Majina yao yamehifadhiwa kwa uchache sana. Ila kazi yao yaweza kutambuliwa, kwanza kwa kuuchungua utaratibu wenyewe wa kutafuta, na pili kwa kuyasikiliza maneno ya nchi ile.

Almasi hukaa katika mwamba uitwao kimbalaiti, uliopanda kutoka vilindi vya dunia kwa njia nyembamba mfano wa bomba. Mwamba huo huoza upesi ukawa udongo, na mvua za miaka mingi huyasambaza au kuyafukia mabaki yake. Kwa hiyo mara nyingi hapana mwamba wa kuonekana juu ya ardhi, bali nyasi na mashamba tu. Wala almasi yenyewe si kiongozi mwema, kwa sababu ni haba mno: katika miaka ya karibuni tani 100 za mwamba wa Mwadui zimetoa karati zisizozidi 10, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Ndiyo sababu mtafutaji hafuati almasi. Hufuata madini mengine mazito yanayosafiri nayo, hasa ganeti nyekundu iliyoelekea zambarau, na ilimenaiti nyeusi. Penye punje nyingi ambazo hazijasuguliwa, chanzo ki karibu. Penye punje chache zilizolainika, chanzo ki mbali.

Basi kazi yenyewe huwa hivi. Nchi hukatwa kwa mistari iliyonyoka, na kila baada ya hatua zilizopimwa huchukuliwa udongo. Udongo huo huchekechwa kwa machekeche ya matundu mbalimbali, kisha punje hutiwa katika chekeche la mviringo na kutikiswa majini, kupanda na kushuka, huku likizungushwa. Maji huviinua vilivyo vyepesi; vizito huteremka na kujikusanya katikati. Mwisho chekeche hupinduliwa kwa pigo moja juu ya meza au turubai, na vile vizito vilivyokuwa chini huonekana juu, kama mboni katika jicho. Mkono ukikosea, mboni hutawanyika na jasho la siku limepotea. Hata namba ya mfuko ina uzito wake: mifuko miwili ikibadilishana namba, ramani itasema uwongo, na mashimo yatachimbwa mahali pasipo kitu. Hapana mwanajiolojia, hata awe na elimu ya namna gani, awezaye kulisahihisha ofisini kosa lililofanywa uwandani bila mtu kujua.

Nchi ya Usukuma, kusini ya Ziwa Viktoria, ilikuwa na elimu yake ya udongo kabla ya machekeche hayo kufika. Wakulima waliutenga udongo kwa majina: luseni, ule mchanga mwepesi wa miteremko, itogolo, udongo wa kichanga wenye tabaka gumu chini yake, ibushi, udongo wenye chokaa, na mbuga, udongo mweusi mzito wa mabondeni, upasukao wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Majina hayo hayafuati rangi peke yake, bali pia mahali pa udongo katika mteremko. Jambo hilohilo ndilo alilolieleza Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1935, alipotoa wazo la katena, yaani mnyororo wa udongo kutoka kilimani mpaka bondeni. Neno mbuga likaingia katika maandishi ya Kiingereza ya wataalamu wa udongo, likabaki vile vile bila kutafsiriwa. Kwa mtafutaji wa madini tofauti hizi si jambo dogo, maana udongo wa mteremkoni na ule wa bondeni haukukusanyika kwa njia moja, wala punje nzito hazilali ndani yake kwa kina kimoja. Aliyejua jina la mahali alipo alikuwa amekwisha kujua nusu ya kazi yake.

Williamson alifanya kazi kwanza katika mgodi wa Mabuki, kisha akaendelea kutafuta kwa nafsi yake, kwa fedha haba na kundi la wafanyakazi wa Kiafrika. Mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Mwadui ilipopimwa ikaonekana kuwa na mwamba wa hekta 146 hivi, miongoni mwa mikubwa kabisa iliyopata kuchimbwa kwa faida duniani. Mwaka 1947 ikatoa almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, iliyotolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukauzwa kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Masimulizi hutaja uzito wa jiwe, jina la aliyelitoa na la aliyelipokea. Ni mara chache kutajwa mikono iliyochekecha.

Kisa cha tanzanaiti chaonyesha kwamba upungufu huu haukuishia Mwadui. Jiwe hilo la Mirerani lilijulikana ulimwenguni mwaka 1967, na kwa muda mrefu maandishi ya nje yalimtaja zaidi Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha. Jumanne Ngoma, ambaye naye alisema ndiye aliyeligundua, alitunukiwa hadharani na serikali ya Tanzania mwaka 2018, yaani baada ya miaka 51.

Leo fundi sanifu hufunzwa chuoni, hupimiwa mahali alipo na satilaiti, na huandika taarifa yake kwa Kiingereza. Hata hivyo shimo lingali lachimbwa, mfuko ungali watiwa namba, na uwandani mazungumzo ni kwa Kiswahili na lugha za wenyeji. Msamiati huo wa kazi wastahili kukusanywa kutoka kwa wazee wa migodini kwa bidii ileile iliyotumika kukusanya tenzi, kwa sababu mahali ambapo daftari limenyamaza, neno ndilo shahidi lililosalia. Mbuga iliingia katika sayansi bila jina la mtu aliyeitamka kwanza mbele ya mgeni mwenye kalamu. Lakini neno limebaki, nalo lashuhudia kwamba palikuwa na mtu aliyeulizwa, akajua, akajibu.